Kiti cha Kamau: Ndege iliyoanguka Voi na barua zilizosalia

Mei 14 mwaka huu ilipita Voi kama siku nyingine yoyote. Malori ya Mombasa yalinguruma barabarani, matatu za Mwatate na Wundanyi zikaita abiria, na jua likawaka vile linavyowaka Voi. Hakuna niliyemsikia akitaja kwamba siku kama hiyo, mwaka 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka asubuhi kutoka uwanja wa Voi, ikazunguka kidogo angani, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Waliokuwemo walikuwa wawili. Hakupona hata mmoja.

Wa kwanza dunia inamjua. Ni Denys Finch Hatton, mtoto wa lodi wa Uingereza, msomi wa Oxford, mwindaji aliyewahi kumwongoza msituni mrithi wa ufalme wa Uingereza. Alikufa akiwa na miaka 44. Filamu ya mwaka 1985 iliyomhusu ilipotoka, sura yake ikawa ya Robert Redford, na mpaka leo watalii hupanda milima ya Ngong kuliona kaburi lake. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Katika vitabu nilivyosoma, habari za Kamau huishia hapo: jina moja na kabila.

Nilianza kuufuatilia mkasa huu kwa sababu ni wa kwetu, umetokea Voi. Nikajikuta nasoma barua. Si kisa cha ndege tena kilichonishika, bali swali dogo lililojificha ndani yake: kwa nini wengine tunawajua mpaka kikohozi chao, na wengine hatujui hata walizikwa na nani?

Barua zenyewe ni za Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya milima ya Ngong na baadaye akaandika kitabu kilichoipa filamu ile jina. Aliwaandikia mama yake, mama yake mdogo na ndugu zake kwa miaka 17. Zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 1978 kwa Kidenmark, na miaka mitatu baadaye zikatoka kwa Kiingereza. Jalada lina tarehe mbili: 1914 na 1931. Mwaka wa pili ndio mwaka wa Voi.

Karen aliteremka Mombasa Januari 1914, na tarehe 14 ya mwezi huo akafunga ndoa na Bror Blixen, Mswidi wa ukoo wake. Katika meli iliyomleta, Admiral, alikuwa amefanya urafiki na afisa mmoja Mjerumani aliyekuwa akienda Dar es Salaam kushika jeshi. Afisa huyo ni Paul von Lettow-Vorbeck. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, vita vilipozuka, askari wake waliiteka Taveta. Rafiki wa melini akawa adui mlangoni mwetu, na Karen akatazamwa kwa jicho la shaka na walowezi Waingereza kwa sababu ya urafiki ule.

Habari za vita hivyo Mtaita hahitaji kusimuliwa. Reli ilivutwa kutoka Voi kuelekea Taveta ili ibebe wanajeshi na maji, damu ikamwagika Salaita Februari 1916, na makaburi ya Voi na Taveta yapo mpaka leo, yamefyekwa vizuri na kuandikwa majina. Lakini kuna watu wa Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku wananchi wa huko kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakawang'oa na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia huko ugenini. Wao hawana kitabu cha barua. Wana masimulizi ya wazee, na wazee wanaondoka.

Turudi kwenye posta. Barua iliyoandikwa shambani Ngong ilipelekwa Nairobi, ikapanda treni hadi Mombasa, ikangoja meli ya Ulaya. Katikati ya safari hiyo iko Voi. Miaka ya mwanzo ya reli, treni za abiria hazikuwa na behewa la chakula, kwa hiyo zilisimama Voi wasafiri washuke wale chakula cha jioni katika nyumba ya wageni ya stesheni. Mifuko ya posta ilibaki ndani ya behewa ikingoja watu washibe. Ninapowazia maneno yote ya mwanamke yule, deni la benki, kahawa iliyokataa kuzaa, upweke, mapenzi, yakiwa yamelala gizani Voi huku watu wakitafuna nyama ngumu umbali wa hatua chache, naona kwamba mji huu umekuwa tarishi wa siri nyingi bila kuulizwa.

Katika barua hizo Karen hana sauti moja. Kwa mama yake anajikaza, mambo yatakuwa mema, mvua zitanyesha. Kwa kaka yake Thomas anavua joho na kusema kweli. Kwa mama yake mdogo Bess ni mabishano matupu, ndoa ni kitu gani, mwanamke ana uhuru gani, hoja inajibiwa baada ya wiki na wiki za kungoja meli. Sisi tuliozoea kujibizana kwa simu kabla hata ya kufikiri tungejifunza kitu hapo: mtu akijua jibu lake litafika baada ya mwezi, hulipima.

Na kuna vitabu. Denys hakuwa na nyumba ya kudumu Nairobi. Kati ya safari na safari alikaa kwa Karen, na vitabu vyake aliviweka huko. Akamfundisha Kilatini, akamsomesha washairi wa kale wa Kiyunani na Biblia kama fasihi, akamletea gramafoni. Karen naye alimlipa kwa hadithi: usiku, mbele ya moto, alibuni visa virefu na yule bwana akakaa chini kusikiliza. Urafiki wao ulisimama juu ya kurasa. Karen aliandika baadaye kwamba kwa mtu anayeishi mbali na maduka ya vitabu, kitabu kimoja kibaya ni hasara ya kweli, na kizuri ni neema. Aliyewahi kukaa Kasigau au Mgeno na riwaya moja msimu mzima anaelewa.

Lakini sauti ya Denys mwenyewe haimo katika mkusanyiko huo. Tunamwona kupitia kalamu ya mwenzake, akija na kuondoka, akija na kuondoka, mpaka safari ile ya Voi.

Hapo ndipo pana mvutano unaonivutia kuliko mapenzi yao. Gipsy Moth ilikuwa na viti viwili. Denys alikuwa na nyumba Takaungu, kule Kilifi, na mpango wake ulikuwa kuruka hadi pwani kisha arudi kwa njia ya Voi akatazame kutoka angani kama makundi ya ndovu yapo, maana kutafuta ndovu kwa ndege ilikuwa ndiyo biashara mpya ya uwindaji. Karen alimwomba waende pamoja. Kwa maelezo yake, Denys kwanza alikubali, kisha akabadili nia: safari itakuwa ya taabu, pengine watalala porini, atahitaji mtumishi.

Mwanamke mwingine naye anadai kiti hicho hicho. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na ambaye mwaka 1936 angevuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege, aliandika katika kitabu chake cha 1942 kwamba Denys alimwalika waruke naye hadi Voi. Alikuwa tayari kwenda. Mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, akamsihi aahirishe. Akaahirisha.

Waandishi wa Ulaya na Marekani wamelibishania jambo hili kwa miaka. Je, Denys alikuwa amemwacha Karen kwa ajili ya Beryl? Nani alipendwa zaidi? Wino mwingi umemwagika, na wote wanakizunguka kile kiti kama nzi na asali. Mwanamke wa kwanza alikitaka akanyimwa. Wa pili alipewa akakiacha. Wote wawili wakaishi, wakaandika, wakasifiwa. Aliyekikalia ni Kamau. Kati ya kurasa zote hizo sikuona mwandishi aliyeketi na kuuliza kama Kamau naye alitaka kwenda.

Mwili wa Denys ulipakiwa treni Voi ukapelekwa Nairobi kwa mazishi ya Ngong. Baadaye kaka yake alisimamisha pale nguzo ya mawe. Miaka ikapita, na rafiki mmoja wa Karen, Gustav Mohr, akamwandikia huko Denmark kwamba Wamaasai wametoa habari kwa mkuu wa wilaya: simba dume na jike wameonekana mara nyingi wakilala juu ya kaburi lile. Kisa hicho kikawa mashuhuri duniani, na chanzo chake ni barua. Bila bahasha ya Mohr, simba wale wangekuja na kuondoka bila mtu kujua.

Karen aliipata habari ya kifo Nairobi. Alikuwa mjini kwa shughuli zake, akaona watu wanamkwepa. Alipoalikwa chakula cha mchana kwa Lady McMillan, hali ikawa ile ile, watu wanatazama sahani. Baada ya chakula mwenyeji akamwita faragha akamwambia. Mama huyu Lucie McMillan ndiye aliyejenga maktaba kwa kumbukumbu ya mumewe katikati ya Nairobi, ile yenye simba wa mawe mlangoni, na ilifunguliwa mwaka huo huo, 1931. Ilikuwa maktaba ya wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka ukoloni ulipokuwa ukingoni. Basi hata kama Kamau angepona, na hata kama alijua kusoma, vitabu vile visingemfungulia mlango.

Ni katika vitabu vya Karen mwenyewe ambamo nilikuta mtu anayefanana na jibu. Mzee mmoja wa shambani, Jogona Kanyagga, alikuwa na kesi mbele ya wazee kuhusu mtoto aliyeuawa kwa bahati mbaya kwa bunduki. Alikuja kwa Karen akamsimulia, naye akamwandikia yote kwenye karatasi. Alipomsomea na kufika kwenye jina la Jogona, mzee aligeuka ghafla, uso umewaka kama wa kijana. Alikuwa amesikia jina lake likitoka karatasini. Toka siku hiyo alishona kifuko cha ngozi, akaitia ile karatasi, akaivaa shingoni. Kila baada ya muda alirudi asomewe tena.

Jogona hakujua kusoma, lakini alielewa kanuni ambayo wasomi wengi hatujaielewa: anayeandika barua huikabidhi mikononi mwa mwingine, na uhai wake unategemea mikono hiyo. Barua za Karen tunazisoma kwa sababu mama yake na ndugu zake walizitunza Denmark. Si fahari ya mwandishi tu. Ni kazi ya mpokeaji.

Na hapa ndipo mkasa wa Voi unaponipeleka kusini, ng'ambo ya mpaka. Reli ile ya vita, kutoka Voi kupita Taveta, iliunganishwa Kahe na reli ya Tanga. Mwaka huo huo wa 1931, kijana wa Tanga wa miaka 22, karani wa forodha, alikuwa akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge. Karani huyo ni Shaaban Robert. Yusuf hakuzitupa. Alizitunza miaka na miaka, mwenziwe akafa naye akaendelea kuzitunza, mpaka zikatoka kuwa kitabu mwaka 2002 kwa mkono wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la kitabu ni Barua za Shaaban Robert 1931–1958.

Tazama tarehe hizo. Barua za Ngong zinakoma mwaka ambao barua za Shaaban zinaanza. Karen na Shaaban hawakujuana. Mmoja alikuwa na shamba na watumishi, mwingine alihamishwa kutoka kituo hadi kituo kwa amri ya serikali ya kikoloni. Lakini wote wawili walikuwa watu wa vitabu, wote walimtafuta ndugu wa kumwambia yaliyo moyoni, na wote walikufa mwaka mmoja, 1962, Shaaban mwezi wa Juni na Karen Septemba.

Tofauti inayonifurahisha iko katika Kiswahili. Karen anasimulia jinsi alivyowahi kuwachekesha vijana waliokuwa wakivuna mahindi kwa kuwatungia vishairi vya Kiswahili visivyo na maana, vina tu. Vijana wakapendezwa, wakamwomba aendelee, wakayalinganisha maneno yake na mvua. Ni kisa kizuri, ingawa Kiswahili chenyewe ni kile cha shambani, cha bwana na mpishi. Wakati huo huo, si mbali, karani wa forodha alikuwa anajifunza kuipima mizani ya lugha hiyo hiyo mpaka akaja kuitwa baba wa fasihi yake. Watalii wanakijua kisa cha mahindi. Ni wangapi kati yetu tumezisoma barua za Shaaban? Watoto wetu hufunzwa kuandika barua ya kirafiki kwa ajili ya mtihani, anwani upande wa kulia, tarehe, salamu, lakini hawaonyeshwi barua hata moja ya kweli iliyoandikwa kwa lugha yao na bingwa wao.

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nyanda hizi za Taita ziliishi kwa nusu hiyo muda mrefu. Wanaume walikwenda mkonge Mwatate na Taveta, reli, bandari ya Mombasa, majeshi ya Burma. Barua zikaja: baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Mimi mwenyewe nilikuwa msomaji wa barua za nyumba kadhaa nilipokuwa darasa la sita. Bibi angeniita, angetoa bahasha kwenye leso, angekaa kimya nikisoma. Nikifika mwisho angesema, "Rudia pale pa mvua." Nilirudia. Nikamaliza. Barua ikaingia kwenye sanduku la bati. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa ndani ya maktaba.

Miaka iliyofuata ajali ile haina mengi. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948 na Voi ikawa mlango wake, ndovu aliowatafuta Denys wakapata mwenyewe. Nyumba ya Karen ikafanywa makumbusho mwaka 1986, filamu ikiwa bado moto. Simu ya mkononi ikaja ikaua barua. Mwaka 2017 treni mpya ikaanza kupita juu ya matuta yake, na abiria wa Nairobi leo huiona Voi kwa dakika chache tu kupitia kioo.

Nairobi ina makumbusho ya kikombe cha chai cha Karen. Ngong ina nguzo ya Denys. Sisi tulipokea moshi. Sisemi tujenge sanamu ya mwindaji, tunazo shida nyingi na ndovu bila kuwasifu wanaowafuata. Nasema ajali ile itatimiza miaka 100 mwaka 2031, na wageni watakuja na kamera kuuliza ni wapi. Tutawaonyesha nini? Tukiwaonyesha pahali ndege ilipoanguka tu, tutakuwa tumerudia hadithi yao. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko barabarani hapo, kina wanafunzi wenye simu za kupigia picha. Waende Sagalla, waende Kasigau, waende Wundanyi, waombe masanduku ya bati yafunguliwe kabla hayajauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Barua za mkonge, za reli, za vita, za wapenzi waliokosana. Wapige picha, wazirudishe kwa wenyewe.

Nilijaribu kuanza na la bibi yangu. Bibi aliondoka zamani, nyumba imebaki na shangazi. Sanduku lipo, kutu imelila pembeni. Ndani nilikuta leso, cheti cha ubatizo, na bahasha moja tu. Ina muhuri wa posta ya Mwatate na jina la bibi kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande kama zinakwenda haraka. Nikaifungua nikitarajia mvua ile. Haikuwa na barua. Ilikuwa na mbegu za kunde.

Shangazi akaniambia karatasi zenyewe ziliwashia jiko mwaka ule wa mvua nyingi, kuni zilipolowa. Bahasha waliiacha kwa sababu ilikuwa nzuri kutunzia mbegu. Nikarudisha kunde ndani, nikaandika kwa kalamu nyuma ya bahasha jina kamili la bibi, la baba yake na la kijiji chake, kisha nikaifunga.